Ukuta Uliojaa

Ukuta wenye adabu ukiugonga unajibu papo hapo. Huu ulifikiria kwanza.

Msanifu alirudisha mkono, akasubiri, akadhani ni masikio yake. Akagonga tena kwa kifundo cha kidole cha kati, ko, na jibu likaja baada ya kitambo cha kumeza mate: ko. Haukuwa mwangwi. Mwangwi hurudi umefifia, kama mtu aliyechoshwa na safari. Sauti hii ilirudi na nguvu zake zote, tena ilitokea chini kidogo ya pale alipogonga, kana kwamba aliyekuwa upande wa pili alikuwa amepiga magoti.

"Panya," akasema peke yake. Panya ni jibu la wasomi kwa mambo mengi.

Kugonga kuta ndiyo ilikuwa kazi yake. Wenzake wa fani ile walikuja kwenye majengo makuukuu na miwani mikubwa na maneno marefu. Yeye alikuja na kifundo cha kidole. Plasta iliyoachana na tofali hulia kama ngoma. Ukuta mzima hunyamaza kama mtu mwenye siri. Mafundi walimpa jina, Mama Hodi, maana hakuna jengo aliloliingia asilibishie hodi ukuta kwa ukuta, na jina halikumuudhi. Kilichomuudhi ni watu wanaoangusha nyumba yenye afya eti imezeeka, wakasimika sanduku la vioo na kuliita maendeleo.

Jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha barafu, kikongwe, kimebanwa kati ya gereji na benki. Kilifungwa zamani, friji zilipoingia majumbani na watu wakaacha kubeba barafu kwenye gunia. Tajiri aliyelinunua (wote walimwita Tajiri, naye aliitika bila aibu) alitaka mkahawa chini, ukumbi wa kusomea juu na ofisi za kupangisha pembeni. Kuta zake zilikuwa mbilimbili, ukuta ndani ya ukuta, na katikati wazee walishindilia unga wa mbao ili baridi isitoroke. Ukizigonga zilitoa sauti ya gunia la nafaka: bu. Isipokuwa huu wa nyuma. Huu ulikuwa mtupu, na uwazi wake ulitosha mtu kupita kwa ubavu.

Kitu kikamgonga kwenye kofia ngumu aliyovaa: ko-ko, kimya, kisha moja ya polepole, ko. Hakugeuka. Ndivyo mumewe alivyogonga tangu enzi za uchumba, mbili za haraka na moja ya mvivu, iwe mlango wa bafu, meza ya ofisi au paa la gari. Mume alikuwa mhandisi. Mke alichora, mume akahakikisha michoro haiui mtu.

"Bosi," alisema Mhandisi, "umepata mchumba mwingine humo?"

"Nimepata nafasi. Mabomba yote yatapita humu, hatutagusa hata tofali moja la mbele."

"Na kwa nini wazee waliuacha mtupu? Kuta zote wamezijaza, huu wakaishiwa unga?"

"Wavivu hawakukosekana hata enzi hizo."

Mhandisi aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka, akakipangusa kwenye suruali. "Una baridi," akasema. "Mashine zimezimwa sisi hatujaoana, na una baridi."

Angemsikiliza, hadithi ingeishia hapo. Lakini Tajiri alikuwa ameshaingia na wageni wake, na Msanifu alikuwa na hotuba moja aliyoipenda kuliko zote. Aliitoa akiwa ameupa ule ukuta mgongo.

"Sisi hatubomoi. Jengo ni kama mwili. Kuta zinabaki, yaliyomo yanatoka, anaingia mpangaji mpya. Mpita njia anaona sura ileile aliyoizoea. Hajui kwamba ndani sasa anaishi mwingine."

Nyuma yake ukuta uligonga. Mara moja.

"Umesikia?" Tajiri alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Hata jengo limekubali!"

Mhandisi hakucheka.

*

Waliutoboa mchana kweupe, jua likiwa utosini na magari yakipigiana honi nje. Mwashi mkuu alikuwa jitu la mabega waliloliita Kifaru. Alitemea mate viganjani, akainua nyundo, akaishusha tena.

"Mama Hodi, mbona leo hujabisha? Tutaingiaje kwa watu kama wezi?"

"Hodi humo!" akaita Msanifu, kwa mzaha, akagonga.

"Karibuuu," Kifaru akajiitikia kwa sauti nyembamba ya bibi kizee, na mafundi wote wakaangua kicheko.

Nyundo ikapiga. Tofali zikaangukia ndani, na hawakusikia zikitua. Kwanza ilikuja baridi, ikilamba vifundo vya miguu. Ikafuata harufu ya dawa ya mitambo ya barafu, ile inayochoma pua kama mkojo wa farasi, na chini yake harufu nyingine, ya maji yaliyolala muda mrefu na kitu ndani yake. Kifaru alipiga tena, na safari hii nyundo haikurudi.

"Imenasa," alisema.

Akavuta. Akavutwa. Mkono ukazama hadi kiwiko, hadi bega, shavu lake likabanwa kwenye tofali. Akapiga yowe ambalo Msanifu hakujua kwamba mwanamume wa kimo kile anaweza kulitoa, na katikati ya yowe ilisikika sauti nyingine, ya kutafuna, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka na chakula chake. Mhandisi alikuwa wa kwanza kuruka. Alitupa kofia, akaingiza kichwa na mabega kwenye tundu, akamkumbatia Kifaru kwa ndani na kusukuma. Kifaru akatemwa. Alianguka chali, na kutoka kiwikoni kwenda chini mkono wake ulikuwa kama muwa uliomenywa, mweupe, umefyonzwa, vidole vikiwa bado vimekunjwa kushika mpini usiokuwepo.

Wakati wanamfunga mashati kuzuia damu, Msanifu aligeuka na kuona buti za mumewe zikiingia tunduni, moja, na ya pili, bila kupigapiga.

Alijitupa pale. Alimulika kwa simu: ukuta huku, ukuta kule, na katikati hewa tupu. Aliita jina lake, lile la nyumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alichana kucha zake kwenye tofali akipanua tundu. Kisha mumewe akatoka mwenyewe, kinyumenyume, taratibu, akasimama na kujipangusa unga wa mbao mabegani.

"Mzima?" Msanifu alinong'ona. "Mume wangu, u mzima?"

"Mzima kabisa," akasema, akatabasamu.

Ukuta ule haukuwa na unga wa mbao hata chembe. Msanifu alikuwa anajua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na hakulikumbuka, kwa sababu mtu anayerudishiwa kitu chake hakihesabu mara mbili.

*

Kifaru alikatwa mkono hospitalini. Mafundi wakakimbia kazi. Na nyumbani, mume aliyerudi alikuwa na adabu nyingi mno. Hakutania. Hakumwita Bosi. Hakugonga mlango wa bafu wala meza. Aliingia tu, na ulimwona akiwa tayari yuko nyuma yako. Mto wake uliamka umelowa maji baridi. Mara nyingi Msanifu alimkuta sebuleni amesimama, uso umegusa ukuta, mikono imenyooka ubavuni, kama kitu kilichoegeshwa.

Wifi yake alikuja jioni moja kumjulia hali kaka yake. Wifi alikuwa muuguzi, mwenye ulimi wa wembe na moyo wa mkate.

"Kaka, umekonda kama deni la msiba. Huyu mkeo anakulisha michoro?"

Kaka alifungua friji, akatoa trei ya barafu, akaketi. Akatia kipande mdomoni na kutafuna. Akatia kingine. Wanawake wawili walikaa wakimtazama, vijiko mkononi, na mlio wa barafu ukabadilika polepole ukawa mlio wa kitu kigumu zaidi, na bado alitafuna, bado alitabasamu, na pembeni mwa mdomo kikatoka kipande cheupe kikaanguka kwenye sahani, nacho hakikuyeyuka.

"Jino," wifi alinong'ona. "Kaka, acha. Kaka, ni meno yako hayo!"

Alinyoosha mkono kumzuia. Kaka yake akachukua kisu cha mezani na, bila kuacha kutafuna, akakikandamiza kwenye kiganja chake mwenyewe mpaka ncha ikagota mbao. Hakikutoka kitu chekundu. Yalitoka maji, kisha unga wa mbao, mbichi, wa rangi ya ugonjwa, ukimwagika mezani kama kutoka kwenye gunia lililotoboka. Wifi akapiga kelele, na kelele ndiyo iliyomkera: alimshika dada yake wa damu shingoni, akamwinua kwa mkono mmoja na kumrusha kwenye kabati la vyombo, glasi zikavunjika, bega likavunjika, kisha akamfuata pale chini na kumkanyaga bega lilelile, polepole, kwa udadisi, kama mtu anayejaribu ubao wa sakafu kama utabeba. Msanifu akambamiza kisogoni na sufuria. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na ukungu, kama kioo kilichotolewa kwenye barafu.

"Nyumba nzuri hii," akasema kwa sauti ya mumewe. "Ina joto."

Akaenda kulala.

"Sikia," wifi alisema kwenye teksi, meno yakigongana. "Mimi nimesoma, wewe umesoma, na vyeti vyetu havina kazi hapa. Nataka kaka yangu. Kuna mwanamke namjua."

*

Mwanamke huyo hakufanana na mganga. Alikuwa mnene, amevaa raba, na mkobani alikuwa na ubani, fimbo, na chaja ya simu. Msanifu, asiyevumilia maigizo, alijikuta anamwamini kwa sababu hakuigiza.

"Lilitoka wapi?" aliuliza. Akaelezwa. "Basi linafukuziwa hukohuko. Asubuhi, kukiwa na mwanga. Haya mambo ya usiku ni ya kutisha wateja."

Mume hakubishana. Alipanda gari mwenyewe, akafunga mkanda, njia nzima aliimba kwa midomo iliyofungwa. Hakuna kati yao aliyejiuliza ni mpangaji gani anayekwenda kwenye kufukuzwa kwake akiimba.

Walimkalisha mbele ya tundu. Mganga akafukiza ubani, akasimama juu yake.

"We nani?"

"Mpangaji."

"Nani alikukaribisha?"

"Alibisha hodi." Kidole kikamwonyesha Msanifu. "Tena si mara moja. Akaeleza na utaratibu."

Mganga akaanza kusoma. Fimbo ikashuka mabegani, na kila iliposhuka mwili ule ulicheka, mpaka ghafla haukucheka, ukaruka, ukamwangusha mganga, ukamzamisha meno kwenye sikio na kuling'oa, ukalitema. Mganga aliendelea kusoma huku damu ikimjaa shingoni, mkono mmoja ameukaza kwenye paji la uso wa yule mwanamume, na wifi kwa mkono wake mzima akamkalia miguu, na Msanifu akamlalia kifua, kifua alichokilalia miaka yote ya ndoa, na akasikia chini ya sikio lake mbavu zikilia moja baada ya nyingine kama vijiti, vidole vikijipinda kinyume vyenyewe, uti wa mgongo ukiinuka upinde mpaka utosi ukagusa visigino, na sauti ikitoka, si kinywani, bali katika kila tofali la jengo lile, sauti ya barafu kubwa inapopasuka, ikapanda, ikapanda, kisha upepo wa baridi ukawapita usoni kuelekea tunduni, na kimya.

Mume alikuwa amelala chali. Pua yake ilitoka damu, nyekundu, ya moto, ya kibinadamu.

"Damu!" wifi alilia. "Damu, mashallah, damu!"

"Mke wangu," mume alinong'ona.

Msanifu alilia machozi ambayo hakuwa ameyapata tangu siku ile. Kwa nini aliitwa mke wangu na si Bosi, hakujali.

"Bado," mganga alihema, ameshika pale palipokuwa na sikio. "Lazima tujue kama limerudi humo. Wewe ndiye unayejua kuta. Gonga. Mtupu, au umejaa?"

Msanifu aligonga kando ya tundu. Ukuta uliokuwa unalia kama ngoma ukatoa sauti ya gunia. Akagonga juu, akagonga chini. Bu. Bu.

"Umejaa," akasema, kwa uhakika wa mtu wa fani.

Hakujiuliza umejaa nani.

"Ziba basi. Upesi. Na usisikilize. Litakuita kwa sauti ya umpendaye, ndiyo kazi yao."

Mafundi hawakuwepo, kwa hiyo alikoroga saruji mwenyewe na kupanga tofali mwenyewe. Alipofika nusu, kugonga kukaanza ndani. Hakukuwa na mpangilio. Zilikuwa ngumi za mtu anayezama, juu, chini, kila mahali, na saruji mbichi ikaruka usoni kwake. Akakaza meno, akapanga. Ngumi zikapungua. Zikachoka. Likabaki pengo la tofali moja, na kutoka gizani, karibu kabisa, kukagongwa kwa upole, mbili za haraka: ko-ko.

Kimya kidogo.

Alisukuma tofali la mwisho na kulipiga kwa mpini wa mwiko, kwa nguvu zake zote, na kama kulikuwa na pigo la tatu, lilimezwa.

*

Siku ya ufunguzi, mji mzima wenye viatu vizuri ulikuwepo. Jengo lilipendeza mno. Ndoano za zamani za kubebea barafu zilitundikwa kama mapambo, watu wakapigia picha. Kifaru alialikwa, akakataa, na hakuna aliyeuliza sababu. Mganga alikuwa amechukua ujira wake na kuhama mji.

Mume alikuwa amepona vizuri. Meno yalipandikizwa, vidole viliungwa, na wote walisema mpole, mtulivu, mume wa kuombewa. Msanifu naye alisema hivyo. Alikuwa ameacha kugonga kuta, na mtu akimuuliza alijibu kwamba amezeeka.

Tajiri alimpa Mhandisi mkasi akate utepe. Ulikatika, na mkasi ukaung'ata ukingo wa kidole gumba. Wageni wakaguna kwa huruma. Mhandisi akakifunika kidole kwa kiganja, haraka. Chembe chache zilikuwa zimeshaangukia kwenye zulia jekundu, kavu, za rangi ya mbao.

Msanifu hakusikia makofi. Miguu ilimpeleka yenyewe, akipenya kwenye mabega na manukato, mpaka kwenye ukuta wa nyuma, ambako mtu ameegesha spika za muziki. Aliweka shavu. Baridi. Na ndani, hafifu, kwa mkono uliogonga mchana na usiku tangu siku ile pasipo mtu wa kuusikia:

Ko-ko. Kimya. Ko.

"Mama Hodi," sauti ilisema nyuma yake. Mumewe hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Kile kitu kikamshika mkono wa kulia, kama mume anavyomshika mke mbele ya watu.

"Toka," alinong'ona. "Toka kwenye mwili wa mume wangu."

"Na mkataba? Kuta zinabaki, yaliyomo yanatoka. Nilikusikiliza vizuri."

"Nitauvunja huu ukuta. Leo hii. Kwa meno."

"Vunja," kikasema kwa upole. "Atatoka. Aingie wapi? Humu pana mtu."

Na kikaanza kukaza. Mfupa wa kwanza ulivunjika kwenye kifundo kile cha kidole cha kati, na wa pili, na wa tatu, na kila ulipovunjika kilitabasamu juu ya bega lake kuwapa picha wapiga picha. Msanifu hakupiga kelele. Kelele ingekuwa mali ya kile kitu. Alikuwa na kazi nyingine nayo ilihitaji mkono mmoja tu. Akainua wa kushoto, mkono asiouzoea, akagonga.

Ko-ko. Ko.

Ndani kukawa kimya cha mtu aliyeshika pumzi. Kisha ukuta mzima ukalipuka kwa kugonga, ko-ko, ko, ko-ko, ko, kwa kasi, kwa kilio, bila kukoma, mpaka vumbi likadondoka darini na glasi zikatetemeka mezani.

"Sikieni mdundo huo!" mshereheshaji alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Jengo lenyewe limeanza! Haya, mikono juu!"

Na ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi: mbili za haraka, moja ya polepole.